Rudisha Hiyo Pini kwa Nywele, Maji Yatatoka

Wasee, leo tunaongea kuhusu masikio. Shule zikifungwa tu, simu yangu hujaa video za aina moja. Mtu ametoka kuogelea, sikio limeziba, anasikia sauti yake kama imefungiwa ndani ya mtungi, halafu anatuonyesha "siri" ya kutoa maji. Mmoja anachomeka kijiti cha pamba hadi nusu yake inapotea. Mwingine anamimina dawa ya kutoa povu. Mwingine amelala na mshumaa unawaka juu ya sikio, utadhani kichwa ni keki. Na chini hapo watu wanashukuru, ati "barikiwa sana".

Mimi pia natengeneza video, kwa hivyo wacha niwaambie wenzangu bila kuzunguka: mnaharibu masikio ya watu ili mpate laiki.

Anza na vipimo. Kutoka mlango wa sikio hadi kwa kiwambo, ile ngozi nyembamba inayotetemeka ndiyo usikie, ni kama sentimita 2.5 kwa mtu mzima. Hiyo tu. Kijiti cha pamba ni kirefu kuliko hiyo njia mara mbili na zaidi. Piga hesabu mwenyewe. Tena njia yenyewe ni nyembamba na imepinda, ndiyo maana maji kidogo yakiingia yananata huko ndani. Kama kuna nta, nayo inafura ikilowa na kuziba kabisa. Lakini hayaendi kwa ubongo, hata kama shosho alikuambia hivyo. Kiwambo kikiwa kizima, kimefunga njia.

Sasa wewe unaleta kijiti. Au pini ya nywele, njiti ya kiberiti, kifuniko cha kalamu, unyoya wa kuku, ufunguo. Unafikiri unachota maji, kumbe unasukuma nta ndani zaidi, na maji yanabaki nyuma yake yamefungiwa. Na hiyo nta mnayoiita uchafu ina kazi. Inazuia maji yasilowanishe ngozi, inawapa bakteria wakati mgumu, na sikio huitoa lenyewe polepole. Vijiti vya pamba vilibuniwa Marekani miaka ya 1920, na leo pakiti nyingi zimeandikwa usiingize ndani ya tundu la sikio. Soma yako. Mwenye kuuza anakuonya, lakini wewe unamwamini msee wa sekunde 30.

Najua jibu lenu: "Mimi nimefanya hivyo tangu nikiwa mtoto na sijawahi umia." Sawa. Hata yule ananing'inia kwa mlango wa matatu Thika Road atakuambia hivyo hivyo. Ngozi ya ndani ya sikio ni laini sana. Ukiikwaruza ikiwa imelowa, umefungulia bakteria mlango. Hapo ndipo unapata ule ugonjwa wa waogeleaji: sikio linawasha, kisha linauma, na ukivuta ncha yake unaruka. Ukikosea zaidi, unatoboa kiwambo. Matundu madogo mara nyingi hupona yenyewe kwa wiki kadhaa, lakini mengine hutaka upasuaji. Hakuna laiki itakulipia hiyo.

Halafu kuna wale wa kuruka na kutingisha kichwa kwa nguvu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell na Virginia Tech walijaribu hiyo kitu kwa mirija na mifano ya sikio. Waligundua kwamba kadiri njia ilivyo nyembamba, ndivyo nguvu kubwa zaidi inavyohitajika kutoa maji. Kwa ukubwa wa sikio la mtoto mchanga, ilihitajika kama mara 10 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Wao wenyewe walionya kwamba kutingisha hivyo kunaweza kuumiza ubongo wa mtoto. Kwa hivyo ukiona mtu anamtingisha mtoto wake mbele ya kamera ili maji yatoke, usicheke. Mwambie aache.

Mshumaa nao ni mchezo wa kuigiza. Hauvuti kitu. Ile takataka ya rangi ya kahawia wanayokuonyesha baadaye ni nta ya mshumaa wenyewe. Kile unaweza kupata kwa uhakika ni kuungua.

Lakini kinachonikasirisha zaidi ni hizi dawa za kumimina. Ni kweli matone ya spiriti na siki nyeupe yanaweza kusaidia maji kukauka, hata madaktari wengine huyataja. Shida ni swali moja ambalo video hazikuulizi: kiwambo chako ni kizima? Hapa kwetu watu wengi waliwahi kutokwa na usaha sikioni wakiwa wadogo, na usaha ukikauka kila mtu akasahau. Tundu linaweza kuwa bado liko. Ukimwaga spiriti hapo, inapita hadi sikio la kati, na utajua hujui. Kama sikio lako liliwahi kutoa usaha, lilifanyiwa upasuaji, au linauma sasa hivi, usiweke chochote hadi daktari achungulie.

"Sasa tufanye nini?" Mambo ya kawaida, ambayo hayatazamwi na mtu kwa sababu hayana sinema. Inamisha kichwa, sikio lililoziba liangalie chini. Lishike kwa juu, livute polepole kwenda juu na nyuma, hiyo inanyoosha njia. Huku ukitafuna au kupiga miayo. Ikikataa, lalia huo upande juu ya taulo dakika kadhaa. Kama kuna draya ya nywele, weka moto wa chini kabisa, ishike mbali kama sentimita 30, na usiiache ikae pahali pamoja. Futa nje ya sikio na taulo, hapo kwa mlango tu. Na ukitoka kuoga usikimbilie kuvaa iafoni, unafungia unyevu ndani. Baada ya hapo, ngoja. Mara nyingi maji hutoka yenyewe siku hiyo hiyo.

Siku mbili tatu zikipita na bado limeziba, au likianza kuuma, kutoa usaha, kusikia vibaya ama kukupa kizunguzungu, enda hospitali. Ataangalia na kifaa chenye taa, na inaweza kuwa ni nta tu, itolewe vizuri na mtu anayeona anachofanya. Wewe na pini yako mnafanya kazi gizani.

Kwa wenzangu wa video, naomba mambo mawili. Kabla ya kuonyesha dawa yoyote ya sikio, mwambie mtu kwanza nani hafai kuitumia. Na ile video ya kijiti, ifute leo. Usiniambie watu wataamua wenyewe. Anayekutazama ni mtoto wa miaka 13 ambaye sikio limeziba, mama yake yuko kazini, na pini iko hapo mezani. Huyo haamui, anakufuata.

Na wewe uliye na sikio limeziba ukisoma hii: inama, vuta polepole, ngoja. Pini ni ya nywele.