KIPIMO CHA RISASI

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni kile kitokacho katika mtutu wa bunduki, na risasi ni madini yale mazito, laini, ya rangi ya kijivu, ambayo wavuvi wetu huyafanya chubwi za mishipi. Wazee waliolipokea neno hili kutoka Kiarabu hawakukosea, kwani kwa karne nyingi kitu cha kwanza kilifanywa kwa hicho cha pili. Leo twapenda kuvizungumza vyote viwili pamoja. Wako watu ambao hata sasa huviunganisha kwa mikono yao wenyewe, na katika kazi yao mna jambo la kusifiwa na jambo la kuonywa.

Watu hao wako wengi katika Marekani. Ni wapenda shabaha wenye rivolva, yaani bastola za silinda inayozunguka, wasioridhika na silaha ya dukani wala risasi ya dukani. Silaha humpelekea fundi aitengeneze upya kwa kipimo chao. Risasi huzisubu wenyewe nyumbani. Mashuhuri miongoni mwao alikuwa Elmer Keith, mchunga ng'ombe na mwandishi wa Salmon, Idaho, aliyezaliwa mwaka 1899 akafariki mwaka 1984. Katika mwaka 1929 aliwaeleza wasomaji wa jarida la American Rifleman habari za bastola yake aliyoiita Na. 5, iliyopitia mikono ya mafundi kadhaa. Risasi aliyoibuni, yenye ncha bapa na bega kali, ingali inasubiwa hata leo. Tena alikuwa mmoja wa waliowahimiza wenye viwanda mpaka ikatolewa .44 Magnum mwaka 1955.

Kwa sababu ya .44 Magnum, wengi hudhani kwamba watu hawa hutafuta nguvu tu. La hasha! Nguvu hununuliwa, shabaha hainunuliwi. Yafaa tueleze kwa nini.

Katika bunduki ya kawaida, risasi hukaa katika mtutu ule ule itakamopitia. Katika rivolva sivyo. Risasi hukaa katika chumba cha silinda, na inapofyatuliwa hutoka katika mdomo wa chumba, huruka kiwazi chembamba, ndipo iingie mtutuni. Silinda yenye vyumba sita ina midomo sita, na kila mmoja lazima uelekeane sawasawa na mtutu mmoja. Chumba kikipotoka hata kidogo, risasi huingia upande, hukwanguliwa, wala haiendi ilikolengwa. Ndiyo maana mafundi walio bora hutoboa vyumba vya silinda ikiwa imekwisha kufungwa mahali pake, ili kila tundu litazamane na mtutu wake halisi. Kiwanda cha Freedom Arms, katika mji mdogo wa Freedom, Wyoming, kilijipatia sifa kwa kazi ya namna hiyo tangu kilipotoa rivolva yake kubwa mwaka 1983.

Halafu huja risasi yenyewe. Kwa bastola ya .44, unene wake ni kama inchi 0.429, na msubuji hubishana na nafsi yake juu ya sehemu moja ya elfu ya inchi. Risasi ikiwa nyembamba kuliko mtutu, moto wa baruti hupenya ubavuni mwake, huyeyusha madini na kuyapaka ndani ya mtutu. Ikiwa mdomo wa chumba ni mwembamba kuliko mtutu, risasi hubanwa kabla ya kufika, na hasara ni ile ile. Risasi na chumba hazina budi kuwa chanda na pete. Kiwanda kinachouzia watu milioni hakiwezi kujua kipimo cha silaha ya mtu mmoja. Mwenyewe hupima, akasubu, akajaribu, akasubu tena.

Hata madini yana elimu yake. Risasi tupu huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, nayo ni laini mno. Hutiwa bati ili ijaze kalibu vizuri, na antimoni ili iwe ngumu. Sisi watu wa magazeti twaujua mchanganyiko huo. Mashine za Linotype zilizopanga herufi zetu zilitumia takriban sehemu 84 za risasi, 12 za antimoni na 4 za bati. New York Times liliziacha mashine hizo mwaka 1978, na kadiri viwanda vya chapa vilivyozitupa, wasubuji waliyanunua madini yake. Yaliyokuwa maneno yakawa risasi.

Basi hiyo ndiyo sifa. Sasa twageukia onyo.

Mtu apimaye sehemu ya elfu ya inchi asipopima sumu iliyo katika sufuria yake, kipimo chake ni nusu. Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Huwadhuru zaidi watoto, maana hudumaza akili ingali inakua. Huingia kwa vumbi, kwa uchafu uenguliwao juu ya madini yaliyoyeyuka, kwa mikono isiyonawiwa na nguo zinazorudi nyumbani. Hata mwituni haiishi. Kondori wa California, tumbusi wakubwa waliobaki 22 tu mwaka 1982, wamekuwa wakifa kwa kula mizoga yenye vipande vya risasi. Na tangu Julai 1, 2019 jimbo hilo limekataza kuwindia risasi za madini hayo.

Wala jambo hili si la ng'ambo peke yake. Katika nchi zetu kutengeneza silaha au risasi bila leseni ni kosa, na hatumshawishi mtu aige. Lakini wako kwetu wayeyushao madini haya haya ili kufanya chubwi au kuokoa risasi ya betri za magari, pengine katika sufuria ya jikoni, watoto wakitazama. Wananchi wa Owino Uhuru, Mombasa, walijua gharama yake pale kiwanda cha kuyeyusha betri kilipowekwa jirani nao. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufani Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha amri hiyo mwaka 2024. Fedha zaweza kulipa deni. Haziirudishi akili ya mtoto.

Kwa hiyo twasema hivi. Ayeyushaye risasi na afanye kazi hiyo mbali na nyumba, penye upepo, kwa chombo kisichopikiwa tena kamwe. Anawe na abadili nguo kabla ya kumshika mwanawe. Nao maofisa wa afya wasingoje kesi ifike mahakamani ndipo wapime damu za watoto wakaao karibu na wayeyushaji. Nchi yetu iliweza kuiondoa risasi katika petroli. Haitashindwa kuiondoa jikoni.

Fundi wa kweli hapimi kile anachokipenda tu. Hupima na kile anachokiogopa.