Kunuka, kunukia na manukato

Ndugu wasomaji, wiki hii tunaingia katika jambo lililomo katika kila nyumba na ambalo ni wachache hukaa wakalifikiri: maneno tunayoyatumia kwa ajili ya harufu. Mwambie bibi harusi kwamba ananukia, atainamisha kichwa kwa haya na furaha. Mwambie kwamba ananuka, na shughuli imeharibika. Heshima na tusi vimetenganishwa na irabu moja tu. Wanaojifunza Kiswahili ukubwani huikosa irabu hiyo mara nyingi, nasi huwasamehe. Wasiwasi wetu leo ni juu yetu wenyeji, ambao maneno haya tumeyarithi na tunayaacha yapotee mmoja mmoja.

Kitenzi "kunuka" kimebeba ubaya ndani yake. Kitu kikinuka hakuna haja ya kuongeza "vibaya". "Kunukia" kimebeba uzuri, nacho hakihitaji msaada. Ajabu ni kwamba kiambishi kilichoongezwa hapo ni kile kile kinachofanya "pika" iwe "pikia" na "imba" iwe "imbia", yaani cha kumtendea mtu au kumwelekea. Lakini hapa kimeigeuza maana nzima. Na neno "manukato", ambalo ni la uzuri mtupu, limejengwa juu ya shina lile lile la "nuka". Kati ya viwili hivyo kipo "kunusa", tendo la pua lisilo na hukumu: mtu hunusa ua, na hunusa maziwa apate kujua kama yamechacha.

"Harufu" kwa asili yake ni neno la wastani, ndiyo maana tunalazimika kusema harufu nzuri au harufu mbaya. Hata hivyo, katika mazungumzo limeanza kuegemea upande mmoja: mtu akisema "chumba hiki kina harufu", hakuna anayedhani kwamba kinasifiwa. Upande wa pili iko "riha", neno la pwani lililotoka katika Kiarabu. Waarabu hulitumia kwa harufu ya namna zote mbili. Katika Hadithi mashuhuri ya rafiki mwema na rafiki mbaya, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mwuza miski na mvuvia wa mhunzi kila mmoja ana riha yake, na kinachowatenga ni sifa iliyofuatishwa baada ya neno. Waswahili walipolipokea wakaliweka upande wa uzuri peke yake. Riha kwetu ni ya asumini, ya waridi, ya mtoto mchanga aliyekwisha ogeshwa. Anayeisoma Surat Yusuf, aya ya 94, pale Nabii Yaaqub anapoipata harufu ya mwanawe aliyepotea kabla kanzu haijamfikia, ataona kuwa neno "riha" lingekaa hapo bila ya kuhitaji maelezo.

Ubaya nao una majina yake, na si jina moja. Samaki ana shombo, au vumba. Nguo iliyolowekwa ikasahauliwa ina uvundo. Mwili una kutuzi, na kwapa lina kikwapa. Majina haya yalikuwa na kazi kubwa kuliko kutukana, kwa sababu kila jina huja na dawa yake: shombo huondoka kwa ndimu, uvundo kwa maji na jua, kikwapa kwa kuoga na kupaka shabu. Mzazi anayemwambia kijana wake wa miaka 13 "unanuka", tena mbele ya wadogo zake, amemhukumu mtoto mzima. Anayemwita pembeni akamwambia, "Mwanangu, umeanza kikwapa, njoo nikupe shabu," ametaja jambo dogo linalokwisha kabla ya sala ya Adhuhuri. Tumeona vijana wakiikimbia sebule, na hata msikiti, kwa sababu ya neno la kwanza.

Tukija kwenye manukato yenyewe, wazee wetu waliyataja kwa kutazama yanavyotumika. Marashi ni cha kurashwa, yaani kunyunyizwa. Neno ni la Kiarabu, na ndilo lililotupa pia "rasharasha", ile mvua nyepesi. Chombo chake ni mrashi, chenye shingo ndefu na matundu kichwani, ambacho katika maulidi na harusi hupitishwa kwa wageni, kila mmoja akanyunyiziwa viganjani au kichwani. Kilichomo aghalabu ni maji ya waridi. Leo dukani kila chupa yenye harufu nzuri huitwa marashi, na kwa chupa ya kupuliza hatuna ugomvi, maana nayo inarasha. Lakini uturi haurashwi. Uturi ni mafuta mazito yanayopakwa kidogo sana, nyuma ya sikio na kifundoni. Liwa na dalia nazo ni za kupaka. Kikuba hakipakwi wala hakirashwi: ni asumini na majani ya mrehani, pengine pamoja na mkadi au viluwa, vikafungwa pamoja na mwanamke akakivaa. (Mrehani, kwa wanaouliza, hauhusiani na kuweka shamba rehani. Mti umetokana na "raihani", iliyotajwa katika Surat Ar-Rahman. Rehani ya mkopo inatokana na "rahni". Yamekutana njiani tu.)

Halafu yako ya kufukiza, nayo hutakiwa moto na chetezo. Jina lake la jumla ni buhuri, na chini yake wapo ndugu wawili ambao wengi siku hizi huwachanganya: udi na ubani.

Udi ni mti. Kwa Kiarabu neno hilo lina maana ya kijiti au kipande cha mti, na ndiyo sababu ala ya muziki yenye nyuzi nayo ikaitwa udi. Unatokana na miti ya jamii ya Aquilaria inayoota Asia ya kusini na kusini-mashariki. Mti ukiwa mzima, ubao wake ni mweupe na hauna harufu ya kutajika. Ukijeruhiwa na kuingiwa na ukungu, hujikinga kwa kutoa utomvu mweusi, na hilo jeraha ndilo linalouzwa kwa bei ya kutisha. Kwa sababu ya bei hiyo, mafundi wa kike wa Unguja, Mombasa na Lamu hupika udi wao: sukari huyeyushwa motoni, vikatiwa vipande vya miti ya kunukia pamoja na manukato ya mafuta, mchanganyiko ukaachwa ugande. Huo nao ni udi, na mwenye kuudharau hajaingia chumba kilichofukizwa na aliyeufundishwa na bibi yake.

Ubani ni utomvu mkavu wa mti mwingine kabisa, unaogemwa Dhofar kule Oman na katika nchi ya Wasomali. Kwa desturi za pwani, udi ni wa furaha, wa maharusi na nguo za kutokea. Ubani ni wa dua, khitma na nyumba yenye msiba. Kutokana na hapo neno likapanuka: "kutoa ubani" ni kuwapa wafiwa fedha za kuwasaidia, hata kama hapana chetezo wala kaa la moto. Wapo pia wanaofukiza ubani wakiamini kwamba wanawaita au kuwatuliza viumbe wasioonekana. Hilo ni jambo la itikadi, na masheikh wamekwisha lisema sana. Ubani wenyewe hauna kosa.

Neno jingine lipotezalo watu ni "karafumaiti". Jina linawafanya vijana waulize kama maiti huwekewa karafuu. Hawekewi. Karafumaiti ni kafuri, inayotokana na mti usio na udugu na mkarafuu. Katika Hadithi ya Ummu Atiyya (RA), Mtume (SAW) aliwaagiza wanawake waliokuwa wakimwosha binti yake watie kafuri katika josho la mwisho. Anayetumwa dukani siku ya msiba akarudi na karafuu za pilau amepotezwa na jina, na wanaongoja ndani wanazidi kungoja.

Sasa tufike pale ambapo kuchanganya maneno kunagusa ibada. Nyumba nyingi za mjini zimebakiwa na neno moja, "pafyumu", na "manukato" likafanywa tafsiri yake. Matokeo yake tunayaona katika maswali yanayotufikia kuhusu eda. Mjane ameambiwa asitumie manukato. Amekubali, na chupa zote za kupuliza amezifungia kabatini. Lakini anajipaka mafuta ya nywele yenye asumini, na nguo zake zinafukizwa udi kama kawaida ya nyumba. Mama mkwe akimkanya hujibu, "Hayo mafuta tu, mama, na huo ni udi. Manukato nimeacha." Hatuoni ukaidi katika jibu hilo. Kwa lugha aliyokulia, amesema kweli.

Neno la Hadithi ni "twibu", nalo linakusanya kila kinachotumiwa kwa ajili ya kunukia, kiwe cha kurasha, cha kupaka au cha kufukiza. Kwa hiyo anayemfundisha mjane asiishie kwenye neno "manukato". Ataje: uturi, marashi, udi, kikuba, mafuta yaliyotiwa asumini. Kutaja hivyo huchukua dakika moja, na humwondolea mwenzetu mzigo wa kuambiwa mwezi wa tatu kwamba alikuwa akikosea tangu mwezi wa kwanza.

Upande wa pili wako wanaozidisha. Tunasikia wajane wanaozuiwa hata sabuni ya kuondoa jasho, wakakaa katika hali inayowatia unyonge mbele ya wanaokuja kuwapa pole. Hapa tofauti ya kunuka na kunukia inatusaidia. Katika Hadithi nyingine ya Ummu Atiyya, iliyomo katika Bukhari na Muslim, baada ya kutajwa makatazo ya eda, mwanamke anayetoharika kutokana na hedhi ameruhusiwa kipande kidogo cha qustu au adhfari, ambavyo ni vitu vya kufukiza. Imamu Nawawi ameeleza kwamba ruhusa hiyo ni kwa ajili ya kuondoa harufu mbaya, haikukusudiwa kujitia manukato. Maana yake ni kwamba kuondoa kunuka ni jambo moja na kutafuta kunukia ni jambo jingine, hata katika eda. Kuoga, kupiga mswaki, kupaka shabu na kuvaa nguo safi havijakatazwa. Sabuni na mafuta yasiyotiwa manukato yanapatikana madukani. Juu ya sabuni zenye harufu nyepesi wanazuoni wana maneno, na kila mmoja amuulize sheikh wake. Mipaka hii inamhusu pia aliyehirimia Hija au Umra, na mwanamke aendaye msikitini, ambaye katika Sahihi Muslim ameambiwa asijiguse na twibu. Hakuna aliyemwambia aende na kikwapa.

Tulisome pia tukio la Ummu Habiba (RA), mke wa Mtume (SAW). Baba yake, Abu Sufyan, alipofariki, aliagiza manukato ya rangi ya manjano, akampaka kijakazi, kisha akajipaka mwenyewe mashavuni. Akaeleza kwamba hakuwa na haja nayo, ila alimsikia Mtume akisema kuwa si halali kwa mwanamke mwenye imani kumkalia maiti matanga zaidi ya siku tatu, isipokuwa mumewe, miezi 4 na siku 10. Yaani alijipaka ili ijulikane kwamba siku tatu za baba zimekwisha. Katika nyumba zetu wapo mabinti wanaokaa mwaka bila ya kunukia kwa ajili ya baba au kaka, na wanaojipaka mapema wanasemwa kwamba hawana uchungu.

Kwa mjane, miezi hiyo 4 huhesabiwa kwa mwezi mwandamo, kalenda ya ukutani haitoshi. Na mwenye mimba eda yake humalizika kwa kujifungua. Siku ikitimia, chetezo kiteremshwe juu ya kabati, kifutwe vumbi, na anayejua kupika udi apelekewe taarifa mapema, maana udi mzuri hautaki haraka.