Msifunge mabanda ya video kwa sababu ya Jackie Chan

KILA zinapofika likizo za shule, katika miji yetu ya mipakani huzuka mjadala uleule. Mzazi mmoja analalamika kwamba mwanawe ameruka kutoka juu ya ukuta na kuvunjika mkono. Mwingine anasema watoto wanashinda kwenye banda la video badala ya kuchota maji. Mara kiongozi wa mtaa anasimama mkutanoni na kutangaza kuwa mabanda yote yanayoonyesha picha za ngumi yafungwe, na watu wanapiga makofi. Wiki mbili baadaye mabanda yamefunguliwa tena, maana mwenye banda naye ana watoto wa kulisha, na mjadala unasubiri likizo nyingine.

Nisieleweke vibaya. Sina ubia na mwenye banda yeyote, wala sipendi ile hewa nzito ya watu 80 ndani ya chumba kisicho na dirisha. Lakini katika mjadala huu kuna kosa linalorudiwa kila mwaka, nalo ni kutia filamu zote za mapigano katika kapu moja. Ipo filamu ya mtu mwenye bunduki isiyokwisha risasi, anayemaliza kijiji kizima bila kutoka jasho. Na ipo filamu ya kijana maskini anayefukuzwa na watu kumi, hana silaha, anashika benchi, anashika ngazi, anashika ndoo, anapigwa, anapuliza vidole vilivyoumia, halafu anaendelea. Watazamaji wanacheka huku wameshika vichwa. Hizi si mali moja, kama ambavyo sukari na chumvi si mali moja ingawa zote ni nyeupe, na mfanyabiashara anayevuka Rusumo au Kobero na magunia yake analijua hilo kuliko mimi.

Sisi wa ukanda huu tuna sababu ya kuzitenganisha. Watafiti wameandika jinsi wapiganaji wa msituni katika vita vya Sierra Leone, vilivyoanza mwaka 1991, walivyokuwa wakionyeshwa filamu ya Rambo ili waige. Waliotoroka vita hawahitaji kuelezwa maana yake. Sijapata kusikia jeshi lililofunzwa ukatili kwa filamu ya mtu anayepigana kwa ngazi ya kupakia rangi.

Bruce Lee alipofariki Julai 20, 1973, watayarishaji wa Hong Kong walianza kumsaka Bruce Lee mwingine. Mmoja wa waliotwishwa mzigo huo ni kijana aliyekuwa miongoni mwa watu wanaolipwa kuanguka na kupigwa katika filamu za Bruce Lee mwenyewe, Fist of Fury ya mwaka 1972 na Enter the Dragon ya mwaka 1973. Mwaka 1976 akapewa New Fist of Fury. Akakunja uso, akakaza misuli, na watu hawakwenda kutazama. Kilichomwokoa Jackie Chan ni filamu mbili za mwaka 1978, Snake in the Eagle's Shadow na Drunken Master, zote zikiongozwa na Yuen Woo-ping, ambamo aliruhusiwa kuwa mjinga kidogo, mwoga kidogo, na kuumia sana.

Katika ile ya kwanza yeye ni yatima, mfagiaji wa shule ya kung fu, na walimu wanamtumia kama gunia la kufanyia mazoezi. Anamhurumia mzee ombaomba, kumbe mzee ndiye bingwa. Katika ya pili ni kijana mtundu anayepelekwa kwa mwalimu mlevi, ananing'inizwa kichwa chini miguu juu na kuamriwa ahamishe maji kutoka ndoo ya chini hadi ya juu kwa vikombe vidogo vya chai. Banda zima linacheka. Fundi seremala aliyekaa nyuma, ambaye alianza kazi kwa kunyoosha misumari iliyopinda miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kushika randa, anacheka kuliko wote.

Hapo ndipo ulipo mvuto wa filamu hizi. Bruce Lee akipiga ngumi, tunamwogopa. Jackie Chan akipiga ngumi, mkono unamuuma na anautikisa. Sisi tulizoea kusema steringi hafi, na kweli huyu hafi, lakini anavimba, anachubuka, anakimbia, anajificha chini ya meza. Mtu aliyebeba debe la mafuta kichwani kilomita sita anaujua mwili wa namna hiyo. Mwili wa Rambo haujui.

Watu wengi hawajui kwamba filamu hizi zimetoka katika mji wa wakimbizi. Vita vya Japani vilipokwisha mwaka 1945, Hong Kong ilikuwa na watu kama 600,000. Vita vya wenyewe kwa wenyewe katika China Bara, vilivyoishia kwa ushindi wa wakomunisti mwaka 1949, vilisukuma watu kuvuka mpaka kwa wingi, na miaka michache baadaye mji ulikuwa na zaidi ya milioni mbili. Waliishi katika vibanda vya mbao na mabati vilivyobanana milimani. Usiku wa Krismasi mwaka 1953 moto uliteketeza vibanda vya Shek Kip Mei, na watu zaidi ya 50,000 wakabaki bila paa.

Jackie Chan alizaliwa katika mji huo Aprili 7, 1954. Wazazi wake walikuwa watu waliotoka Bara, na waliajiriwa katika nyumba ya balozi mdogo wa Ufaransa, baba mpishi, mama mfanyakazi wa ndani. Baba alipopata kazi ya upishi katika ubalozi wa Marekani nchini Australia, mtoto aliachwa Hong Kong katika shule ya opera ya Kichina ya mwalimu Yu Jim-yuen, kwa mkataba wa miaka kumi. Huko walifundishwa sarakasi, kuimba na kupigana, na fimbo ilikuwa haipumziki. Filamu ya Painted Faces ya mwaka 1988 inasimulia maisha hayo, na anayeigiza mwalimu ni Sammo Hung, aliyekuwa mmoja wa wanafunzi waliochapwa. Walipomaliza mafunzo, opera ilikuwa imepoteza watazamaji. Ujuzi wote ule wa kuruka na kuanguka wakaupeleka kwenye studio za filamu, kwa sababu ndiko kulikokuwa na ujira.

Mwaka 2003 ilitoka filamu ya kumbukumbu iitwayo Traces of a Dragon, juu ya wazazi hao. Ndani yake tunajifunza kwamba jina la ukoo la baba si Chan bali Fang, na kwamba kila mmoja wao alikuwa ameacha watoto Bara: baba wavulana wawili, mama wasichana wawili. Jackie alikuwa mtu mzima, na maarufu duniani, alipoambiwa ana ndugu asiowajua ng'ambo ya mpaka. Ndugu msomaji uliyerudi nyumbani kutoka Kigoma, Kivu au Mbarara ukakuta una dada ambaye hamna lugha ya kusalimiana, habari hii haikuhitaji mfasiri.

Kuna filamu yake moja ambayo ningependa kila aliyewahi kusimamishwa kwenye kizuizi aione. Inaitwa Who Am I?, ya mwaka 1998, na sehemu yake ilipigwa Afrika Kusini. Askari anaanguka kutoka kwenye helikopta, anapoteza kumbukumbu, na wanakijiji wanamwokoa. Anawauliza kwa Kiingereza, mimi ni nani? Wao wanadhani ametaja jina lake, basi wanamwita hivyohivyo. Kijiji chenyewe kimechorwa vibaya, kwa rangi za usoni na ngoma za kubuni, na hapo nawalaumu watengenezaji bila kumung'unya maneno. Lakini mtu asiye na karatasi, ambaye kila ofisa anamuuliza jina na jibu lake linaandikwa kimakosa, huyo tunamfahamu. Wapo kati yetu wanaotembea na vitambulisho ambavyo majina yake yaliandikwa na karani aliyesikia vibaya.

Halafu kuna Kung Fu Hustle ya Stephen Chow, iliyotoka mwaka 2004, ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote. Tuko China ya kabla ya 1949, katika mtaa wa wapangaji maskini uitwao Zizi la Nguruwe. Mama mwenye nyumba hutembea na sigara mdomoni na vibano vya nywele kichwani, na hukata maji apendavyo. Genge la wahuni wenye mashoka linakuja kutisha watu. Nani anajitokeza kuwatetea? Kuli wa magunia, fundi cherehani, na mpika uji na maandazi. Kuli anarusha mateke, fundi anapigana na pete za chuma mikononi, mpika uji anashika miti ya mianzi. Mabingwa watatu waliojificha ndani ya kazi zao za kila siku!

Itazame filamu hiyo katika banda la mpakani, mahali ambapo wanaokaa kwenye mabenchi ni wachukuzi wa mizigo, mafundi cherehani, akina mama wa uji na vijana wa bodaboda, utaona watu wanavyogeuka kutazamana. Wale watatu wanakuja kuuawa, na banda linanyamaza kama msibani, jambo ambalo sijaliona likitokea kwa maiti mia za filamu ya bunduki. Mama mwenye nyumba aliigizwa na Yuen Qiu na mumewe na Yuen Wah, wote wawili waliosoma katika ileile shule ya mwalimu Yu. Yuen Wah ndiye aliyekuwa akiruka sarakasi kwa niaba ya Bruce Lee.

Sababu nyingine ya mvuto ni kwamba filamu hizi hazidai lugha. Mtoto aliyezaliwa kambini Nyarugusu, akarudi kwa wazee wake akiwa na Kiswahili tupu wakati shuleni wanafundisha kwa lugha nyingine, darasani ni bubu. Bandani anacheka sawa na wenzake, na anacheka palepale wanapocheka. Hata wenyewe Hong Kong kwa miaka mingi walikuwa wakipiga picha kwanza na kuingiza sauti baadaye, mara nyingi sauti ya mtu mwingine kabisa, ndiyo maana midomo inakwenda upande wake na maneno upande wake. Zilipotufikia tukaongeza sauti zetu juu. Kampala wana ma-VJ wao wa Kiganda, Dar es Salaam alivuma Lufufu, Kenya yuko DJ Afro, Rwanda wana agasobanuye. Huko Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alikwenda mbali zaidi. Filamu yake ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, ina mateke, ina bunduki za kuchongwa mtaani, na ina msimulizi anayewatania wahusika mwanzo hadi mwisho. Leo inatazamwa na watu wa mabara yote kupitia intaneti.

Najua jibu la wazazi: mkono wa mtoto umevunjika, na hakuvunjwa na Rambo. Ni kweli. Mtoto hawezi kuiga bunduki asiyokuwa nayo, lakini ukuta upo na mwembe upo. Hoja hii ni nzito na siipuuzi.

Ila tuangalie kinachotokea bandani filamu inapokwisha. Tangu miaka ya 1980, Jackie Chan amekuwa na desturi ya kuweka mwishoni, wakati majina yanapopita, vipande vilivyoharibika: waliokosea hatua, walioanguka vibaya, waliobebwa kwa machela. Katika Police Story ya mwaka 1985 anateleza kwenye nguzo iliyozungushiwa taa za umeme ndani ya duka kubwa, na viganja viliungua. Katika Armour of God ya mwaka 1986, iliyopigwa Yugoslavia, aliruka kutoka ukutani kushika tawi la mti. Tawi likakatika. Akaangukia mawe, fuvu likapasuka, akafanyiwa upasuaji wa kichwa. Hayo yote yamo mwishoni mwa filamu, damu ikimtoka, watu wakimkimbilia wakipiga kelele, hakuna anayecheka.

Watoto wetu hawayaoni. Majina yakianza tu kupita, mwenye banda anabonyeza kitufe, anawahi kutoa watu aingize wengine. Wanaonakili filamu nao, zamani kwenye mikanda, kisha kwenye CD na sasa kwenye flashi, mara nyingi hukata mwisho ili nafasi itoshe. Mtoto anatoka nje akiwa ameona kuruka, hajaona machela.

Kwa hiyo kwa viongozi wetu wa mitaa pendekezo langu ni dogo na halina gharama. Badala ya kufuli, wekeni sharti. Filamu za bunduki na za watu wazima zianze baada ya saa mbili usiku, na watoto wasiingie. Filamu za ngumi za kuchekesha zionyeshwe mchana, zioneshwe hadi mwisho wake kabisa, taa ikiwa imezimwa na mlango umefungwa mpaka jina la mwisho lipite. Msimulizi asikae kimya wakati huo. Awaambie watoto kile ni kichwa cha mtu kweli na ile ni damu kweli. Na wafanyabiashara mnaovusha flashi kutoka Kampala na Dar es Salaam, kabla ya kulipa, muombeni muuzaji apeleke filamu mbele hadi dakika tatu za mwisho. Kama zimekatwa, dai bei ipungue au mrudishie.