Kobayi mweupe ametoka wapi?



Kila mara tunapozungumzia kobayi katika makundi yetu, swali moja linarudi: “Dume ni jeusi, jike ni jeusi, lakini mtoto amezaliwa mweupe mwenye macho mekundu. Ametoka wapi?” Wengine wanasema dume la jirani liliingia usiku. Wengine wanasema ni alama mbaya, na mtoto yule anatupwa. Wiki hii tulijibu swali hilo vizuri, kwa sababu jibu lake linafaa kwa kizimba, na linafaa pia kwa mama anayesemwa vibaya kwa ajili ya mtoto wake.

Kobayi, ambaye huko Bukavu wanamwita dende, alitoka mbali sana, katika milima ya Amerika ya Kusini. Leo ni mnyama wa jikoni mwetu. Tangu mauaji ya mwaka 2014 upande huu wa Beni, wengi wetu hawafiki tena mashamba ya mbali, na mbuzi ni vigumu kukimbia naye. Kobayi anakula majani ya viazi na nyasi za kando ya parseli. Anabeba mimba siku karibu 68, na mara nyingi anazaa watoto wawili hadi wanne. Akiuzwa, kaye na kalamu za shule zinapatikana. Kumtupa mtoto mzima kwa sababu ya rangi ni kutupa franka.

Mbegu mbili

Kwa jambo hili la rangi, kila kobayi anapokea mbegu mbili: moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Wenye elimu wanaziita jeni. Mbegu ya rangi ina nguvu. Ikiwa moja tu, inatosha kuyapa manyoya rangi yake. Mbegu ya weupe inajificha chini yake. Kwa hiyo kobayi mweusi kabisa anaweza kubeba mbegu ya weupe maisha yake yote na hakuna jicho litakaloiona.

Sasa, dume na jike wote wawili wakiwa na mbegu hiyo iliyofichwa, kila mtoto anapotungwa kuna nafasi moja kati ya nne kwamba atapokea mbegu ya weupe kutoka pande zote mbili. Huyo ndiye anayezaliwa mweupe. Haina maana kwamba katika kila watoto wanne lazima awepo mmoja. Jike linaweza kuzaa mara tatu bila kumwona, kisha akapata wawili pamoja.

Sheria hii si ya kobayi peke yake. Kule Marekani kuna watu wanaofuga nyoka ndani ya nyumba, jambo ambalo hapa kwetu lingetutoa wote nje mbio! Mmoja wao anaitwa nyoka wa mahindi, hana sumu. Ni wa rangi ya machungwa mwenye mabaka mekundu yaliyozungukwa na weusi. Mwaka 1953 alikamatwa dume asiye na weusi hata kidogo. Alipopandishwa kwa jike la kawaida, watoto walitoka wa kawaida. Watoto hao walipozaa wao kwa wao, ndipo wajukuu wengine wakatoka bila weusi, kama babu yao. Mbegu ilikuwa imelala kizazi kizima.

Namna ya kutambua

Si kila rangi mpya ni ya urithi. Manyoya yanayogeuka manjano kwa mkojo wa kizimba kichafu, sehemu zenye upara kwa sababu ya ukurutu, nywele nyeupe zinazoota juu ya kovu: hayo hayafiki kwa watoto. Rangi ya urithi mnyama anazaliwa nayo, na inarudi katika ukoo wake.

Tazameni macho kwanza. Mtoto mweupe mwenye macho mekundu ana ile mbegu mara mbili. Akikua, mara nyingi pua, masikio na miguu yake vinakuwa vya kahawia au vyeusi, na baridi ikizidi vinakolea zaidi. Msishangae, si ugonjwa. Kobayi mweupe mwenye macho meusi ni jambo lingine. Mara nyingi ni wa ukoo wa mabaka meupe, na mabaka yamemfunika mwili wote.

Mkitaka kujua kama jike jeusi linabeba mbegu ya weupe, lipandisheni kwa dume jeupe lenye macho mekundu. Mtoto mmoja tu mweupe akizaliwa, jibu limepatikana: linabeba. Mkipata watoto saba mfululizo wenye rangi, bila mweupe hata mmoja, mnaweza kusema karibu kwa hakika kwamba halibebi.

Kuna rangi moja ya kuogopa. Ni ile ya kama majivu, ambapo nywele nyeupe zimechanganyika na nyeusi au nyekundu, moja moja, mgongoni na ubavuni. Mnyama huyo mwenyewe ni mzima na anazaa vizuri. Lakini msimpandishe kwa mwenzake wa rangi hiyo hiyo. Katika watoto wao, mmoja kati ya wanne anaweza kuzaliwa mweupe mwenye macho madogo sana yasiyoona, na meno mabaya. Wengi wa namna hiyo wanakufa mapema. Mpandisheni kwa kobayi wa rangi moja isiyo na mchanganyiko, na hasara hiyo mtaiepuka.

Dume moja kwa miaka mingi

Weupe ukianza kurudi mara kwa mara katika kizimba chenu, jiulizeni: dume ni lile lile? Linapanda binti zake? Mbegu zilizofichwa zinakutana hasa kati ya ndugu. Weupe wenyewe hauna ubaya, lakini pamoja nao yanakuja mengine. Mwaka 1906 ofisi ya kilimo ya serikali ya Marekani ilianza kupandisha kobayi kaka kwa dada, kizazi baada ya kizazi, na mtaalamu Sewall Wright akazichambua hesabu zake. Uzao ulipungua, waliozaliwa wafu waliongezeka, na wanyama walikuwa wadogo. Ukoo mmoja ulipochanganywa na mwingine, nguvu ilirudi.

Kwa hiyo kila mwaka badilishaneni madume kati ya kundi na kundi. Watengeni watoto madume kwa mama zao wakitimiza wiki tatu, kwa sababu wanaanza kupanda mapema kuliko mnavyofikiri.

Si kosa la mama

Sasa tufike nyumbani. Mtoto wa mtu si kobayi, lakini rangi yake inarithiwa kwa njia hiyo hiyo. Mama na baba weusi wanaweza wote wawili kubeba mbegu ya ualbino bila kujua, na wakapata mtoto mwenye ualbino. Kila mimba, nafasi ni moja kati ya nne. Na ni nani anayesemwa? Ni mama. Wanasema alitembea na mzungu, au aliona kitu kibaya akiwa na mimba, au amelaaniwa. Wengine wanafukuzwa pamoja na mtoto.

Mwaka 1909, katika chuo kikuu cha Harvard, wataalamu Castle na Phillips walifanya jambo la ajabu. Walichukua kokwa la mayai ya uzazi la kobayi mweusi wakalipandikiza ndani ya jike jeupe, ambalo lake lilikuwa limeondolewa, kisha wakalipandisha kwa dume jeupe. Jike lile lilizaa mara tatu, watoto sita, na wote walikuwa na rangi nyeusi. Weupe wa aliyewabeba tumboni haukuwagusa. Rangi inatoka katika mbegu za wazazi. Tumbo haliibadilishi, wala chakula, wala kitu mama alichokiona njiani.

Basi akizaliwa mtoto mwenye ualbino katika mtaa wetu, twende kumpongeza mama yake kama tunavyowapongeza wengine, na tumwambie baba waziwazi kwamba nusu ya jambo hilo imetoka kwake. Mtoto huyo anahitaji kofia yenye ukingo mpana, nguo za mikono mirefu na kivuli saa za jua kali, kwa sababu ngozi yake inapata kansa upesi. Macho yake hayaoni mbali. Mwalimu amweke mbele, karibu na ubao. Akili yake ni nzima, na shule ni haki yake. Tarehe 13 mwezi wa sita ni siku ya kimataifa ya watu wenye ualbino. Makundi yaanze sasa kufikiri tutaifanyaje.

Kazi ya wiki hii: kila mama mwenye kizimba afungue kaye moja. Aandike dume, jike, tarehe ya kuzaa, idadi ya watoto, rangi ya kila mmoja na rangi ya macho yake. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wake wa shule. Mje nayo katika mkutano, tuzilinganishe, kisha tupange nani atabadilishana dume na nani.