Wati 850 za Nini, Bana?
Wasee, kila siku mnaniuliza kama pawasaplai ya wati 550 itatosha RTX 4060 na Ryzen 5 5600. Itatosha na chenji ibaki! Kadi hiyo inakula wati 115, prosesa kama 76 ikikazwa. Ongeza feni, SSD na vingine vyote, bado hujagonga 300. NVIDIA wenyewe wanasema 550. Lakini mwenye duka anakusukumia 850, unalipa, halafu doo za RAM zinakosekana.

Zinazonikera zaidi ni zile za bei ya kutupa zilizoandikwa 750 kubwa kwenye boksi. Geuza usome stika, mstari wa +12V, maana hapo ndipo kadi na prosesa zinanyonya. Ni ampea 30? Zidisha kwa 12: wati 360. Hiyo 750 ni mapambo tu. Na vile stima yetu hupotea na kurudi kwa kishindo, kweli utaichomekea kadi uliyoweka akiba mwaka mzima?

Kama unapanga kuhamia RTX 4070 baadaye, sawa, chukua 650 nzuri sasa. Hiyo 850 waachie wenye kadi zake.