Riwaya ya Mtoto Aliyeasiliwa Si Hati ya Shukrani

Imani iliyoenea miongoni mwa wazazi, walimu na wachapishaji ni kwamba kitabu cha watoto kinachomhusu mtoto aliyeasiliwa na familia ya nchi nyingine, yaani aliyefanywa kisheria kuwa mwana wa watu ambao hawakumzaa, hakina budi kuwa kisa cha uokozi: mtoto aliteseka, akapatiwa nyumba, akapendwa, akashukuru. Wanaoishikilia imani hiyo huongeza kwamba kisa hicho kikitungwa kwa ushairi kitakuwa chepesi zaidi, kwa kuwa beti fupi humpunguzia msomaji mdogo uchungu. Madai yote mawili ni potofu, na la pili lina madhara makubwa zaidi, kwa sababu linaigeuza sanaa kuwa dawa ya usingizi.

Historia yenyewe inalikanusha dai la kwanza. Mnamo Aprili 1975, Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ilipokuwa karibu kuanguka, serikali ya Marekani ilisimamia usafirishaji wa zaidi ya watoto 2,500 kutoka Vietnam ili waasiliwe Marekani na kwingineko. Tarehe 4 mwezi huo ndege ya kwanza ya kijeshi katika operesheni hiyo ilianguka na kuua watu 138, wakiwamo watoto 78. Mwaka huohuo kesi ilifunguliwa California kwa hoja kwamba wengi wa watoto hao hawakuwa yatima, na kwamba baadhi yao walikuwa na jamaa ambao hawakuwa wamewatoa kwa hiari. Huko Korea Kusini, nchi ambayo tangu miaka ya 1950 imepeleka ng'ambo watoto wanaokadiriwa kufika 200,000, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitangaza Machi 2025 kwamba haki za watoto zilikiukwa na kwamba serikali ilihusika, kwani kumbukumbu zilighushiwa na watoto wenye wazazi wakaandikishwa kama waliotupwa. Mwandishi anayeyajua hayo, kisha akamtungia mtoto hadithi ya ndege, nyumba mpya na tabasamu, anamdanganya msomaji asiyeweza kujitetea.

Hapo ndipo umbo la riwaya ya kishairi linapopata maana yake. Riwaya ya aina hiyo ni hadithi ndefu inayosimuliwa kwa mfululizo wa mashairi mafupi, aghalabu mashairi huru yasiyofungwa na vina wala mizani, ambapo kila shairi hushika tukio au hisia moja na kuacha nafasi tupu kabla ya linalofuata. Nathari nayo yaweza kunyamaza, lakini mazoea yake ni kuunganisha: msomaji hutarajia kuelezwa nani alimbeba mtoto hadi uwanja wa ndege, nani alitia saini, mama alisema nini. Mtoto aliyeasiliwa mara nyingi hana majibu ya maswali hayo, na faili lenye majibu huenda liliandikwa na watu waliofaidika kwa kumsafirisha. Mwandishi akijaza pengo hilo kwa ubunifu wake, hujaza kile alichokwisha kukiamini, nacho ni uokozi. Ila shairi linaweza kukoma mahali ambapo kumbukumbu ya mtoto imekoma, na msomaji akaliona pengo kwa macho yake kwenye karatasi.

Mwandishi Ann E. Burg aliifanya kazi hiyo kwa uangalifu katika All the Broken Pieces, riwaya ya kishairi iliyotoka mwaka 2009 kumhusu Matt Pin, mvulana wa miaka 12 mwenye mama wa Vietnam na baba mwanajeshi wa Marekani. Wazazi waliomwasili wanampenda kwa dhati, wala kitabu hakiwafanyi kuwa wabaya, lakini kijana anabeba kumbukumbu za mama aliyemtoa na za mdogo wake aliyejeruhiwa vibaya vitani, na upendo wa nyumba mpya hauzifuti kumbukumbu hizo. Wanaodai kwamba mtoto anahitaji faraja wasome hapo: faraja ipo, lakini haikununuliwa kwa kusahau. Tena shukrani inayodaiwa ni deni, na hakuna mtoto anayepaswa kukua akilipa deni la kulelewa.

Wasomaji wa Afrika Mashariki na Kati hawako mbali na suala hili. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisimamisha vibali vya kuondoka kwa watoto walioasiliwa mwaka 2013, Kenya ikasitisha kuasiliwa kwa watoto wake na wageni mwaka 2014 kwa kuhofia biashara ya binadamu, na Ethiopia ikapiga marufuku mwaka 2018. Wala hawakosi chombo cha kulisimulia: Kiswahili kina urithi wa kusimulia kwa beti ambao lugha nyingi haziufikii, na ndani yake kuna kielelezo kilichosahauliwa katika mjadala huu. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi mnamo 1858. Maudhui yake ni wosia wa dini na ndoa, lakini anayesema ni mama anayejua kwamba huenda asiwepo kumwongoza binti yake. Sauti hiyo ndiyo inayokosekana katika vitabu vya kuasiliwa, ambamo mama mzazi hutajwa, huliliwa, kisha hunyimwa kauli. Mtunzi wa Kiswahili angeweza kumpa mtoto mashairi huru yanayokatikakatika, na kumpa mama utendi, ambao kipande cha nne cha kila ubeti hushika kina kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, ili mmoja asikike akitafuta na mwingine akisubiri bila kubadilika.

Mhariri atakayeupokea mswada kama huo asimwombe mwandishi aongeze shairi la mwisho ambamo mtoto anashukuru.