Nguo ya ndani isiyotutesa

Kiangazi kimeingia. Hapa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, jua linachoma, na wengi wetu tumetoa magauni mepesi ya kanisani na ya harusi. Lakini gauni jepesi linaonyesha kila mkunjo, ndiyo maana sokoni tunatafuta nguo za ndani za kubana tumbo.

Tusinunue namba ndogo tukidhani itatupunguza. Tupime kiuno kwa kamba, tuilinganishe na nguo. Tukifika nyumbani tuivae, tuketi, tuiname, tuvute pumzi ndefu. Pumzi ikikatika, au ngozi ikibaki na mistari inayouma, hiyo haitufai. Inayobana sana inasukuma tumbo na kuleta kiungulia. Nailoni nayo inafungia jasho, kisha vipele na fangasi vinatoka mapajani. Pamba yenye elastiki kidogo ni afadhali.

Chini ya gauni jeupe tuvae rangi inayokaribia ngozi yetu. Nyeupe ndiyo inayoonekana. Ya mitumba tuifue kwa maji ya moto na sabuni, tuianike juani.

Mwenye mimba asijibane. Aliyejifungua kwa kupasuliwa amuulize kwanza muuguzi.

Pesa ikiwa kidogo, tununue kitambaa chepesi cha pamba, fundi cherehani atushonee shimizi pana. Gauni halitagandamana na mwili, nasi tutacheza harusini mpaka mwisho bila kutafuta pa kwenda kujifungua vifungo.